Spacio, Wish au Noah? Kwa mwenye familia kubwa na bajeti ya kubana

Ukiwa na watoto watatu au wanne, dada wa kazi, na bibi anayekuja kukaa kwako miezi miwili kila mwaka, afu mfukoni una kama milioni 10 mpaka 15, ukizunguka na madalali wiki mbili hapa Dar utabaki na majina matatu tu kichwani: Spacio, Wish, Noah. IST ni gari nzuri sana na siisemi vibaya, ila ni ya watu watano, Raum vilevile, na X-Trail au RAV4 za bei hiyo nyingi zinabeba watano haohao kwa mafuta mengi zaidi. Kwahiyo naongelea hizi tatu, ndo zinazowachanganya watu wengi na ndo ambazo nimelala chini yake mara nyingi na tochi, zangu na za ndugu na majirani.

Kuna wanaouliza kwanini wasiagize Japani badala ya kununua ya mkononi hapahapa. Angalia kodi kwanza. Gari hizi nyingi ni za kati ya 1997 na 2008, na ukiingiza gari TRA wanakata ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000, afu gari ikishapita miaka 10 inaongezewa 30% nyingine kwa ajili ya umri. Ukijumlisha hizo kodi inaweza kukaribia au kuipita bei uliyonunulia kule. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya TRA, jaza mwenyewe uone. Na usidhani Noah inakatwa zaidi kwa sababu ni kubwa, injini yake ni cc 1,998 kwahiyo zote tatu zipo kapu moja. Ndo maana kwa hela hii wengi tunaishia kwenye namba C na namba D (herufi inayoanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba) zilizokwishatembea barabara zetu, na hapo ndo umakini unahitajika.

Nilivyozipima

Kwanza watu wangapi wanapanda siku ya kawaida. Siongelei siku ya kwenda Moshi kula Krismasi, naongelea Jumanne, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, begi za shule, mmoja anashushwa Kimara mwingine Ubungo afu wewe kazini. Hapa ndo naona watu wanakosea sana na inaniuma kwa kweli, mtu ananunua gari ya watu nane kwa ajili ya safari moja ya Desemba, miezi kumi na moja anabeba viti vitupu kwenye foleni. Safari ya mara moja kwa mwaka unaweza kukodi gari, au wakubwa wakapanda basi.

Pili mafuta, na hapa fanya hesabu usisikilize maneno. Tuseme unatembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni kilomita 1,040. Gari ya kilomita 13 kwa lita itakunywa lita 80, ya kilomita 11 lita 95 hivi, ya kilomita 8 lita 130. Zidisha na bei mpya ya EWURA wanayotangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tofauti ya lita 50 kila mwezi siyo kitu cha kusema tutajua mbele ya safari.

Tatu spea na fundi, yaani ikiharibika Jumamosi jioni unampata mtu anayeijua na kifaa kinapatikana? Nne barabara ya kwenu, na hapo simaanishi lami, namaanisha zile kilomita mbili za mwisho za Goba au Kivule mvua za Machi zikishashuka. Tano siku ya kuiuza.

Toyota Spacio

Naongelea new model, ya 2001 mpaka 2007, ile ambayo chasisi yake inaanza na NZE121.

*Watu na mizigo.* Zipo za siti tano na za siti saba kwahiyo muulize dalali kabla hujapanda bajaji kwenda kuiangalia. Siti mbili za mwisho ni za watoto kabisa, mtu mzima magoti yanamfika kifuani, na ukizisimamisha buti inaisha, unabaki na nafasi ya mabegi mawili ya shule yakiwa yamesimama. Siti ya kati inasogea mbele na nyuma na hilo linasaidia sana kugawana nafasi ya miguu. Kwa watu watano wanaopanda kila siku na wawili wa mara mojamoja inatosha.

*Mafuta.* Injini ni 1NZ-FE ya cc 1,500, tulivu, kwenye foleni za Dar ikiwa nzima tegemea kilomita 11 mpaka 13 kwa lita, safarini zaidi ya hapo. Ila ukipandisha Kitonga na watu saba na mizigo itashusha gia na kulia, inapanda ndio, ila usitegemee kuovateki lori kwa haraka.

*Spea na ufundi.* Hapa Spacio inapumua. Injini hiyohiyo imo kwenye IST za cc 1,500, Raum, Probox, Ractis, Runx, Sienta, kwahiyo Gerezani au Ilala hukosi kitu, kipya au cha mtumba, na fundi yeyote anayejiita fundi ameshaifungua. Inatumia taimingi cheni, haina beliti ya kubadilisha, ilimradi umwage oili kwa wakati.

*Barabara.* Ya wastani. Haiko juu sana, ila kwakuwa ni fupi na nyepesi inapita kwenye mahandaki kuliko unavyodhani. Bushi na stablaiza linki zitaomba hela kila baada ya muda, siyo hela ya kutisha.

*Kuuza.* Inauzika, taratibu kidogo kuliko hizo nyingine mbili, maana watu wanaona sura yake imezeeka.

Toyota Wish

Hapa ya kwanza, 2003 mpaka 2009. Na kabla ya yote angalia kibati cha chasisi kwenye injini. Ikianza na ZNE ni cc 1,800, injini ya 1ZZ-FE na gia boksi ya kawaida ya gia nne. Ikianza na ANE ni cc 2,000 ya D4 (petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda) na gia boksi ya CVT (isiyo na gia za hatua), na hiyo ni gari tofauti kabisa mfukoni hata kama kwa macho zinafanana. Nikisema Wish hapa namaanisha ZNE.

*Watu na mizigo.* Siti saba, ndefu kuliko Spacio, na siti za nyuma mtu mzima mwembamba anaweza kukaa mpaka Morogoro bila kulalamika. Zikilazwa buti inakuwa kubwa na tambarare, gunia la mchele, ndoo na begi za wiki nzima vinaingia. Milango ni ya kawaida kwahiyo wa siti ya nyuma kabisa anapanda kwa kuinama na kupenya. Mtoto anacheka, mtu mzima mwenye mgongo hacheki.

*Mafuta.* Kilomita 9 mpaka 11 kwa lita mjini kwa uendeshaji wa kistaarabu. Barabarani ina nguvu nzuri, kwa safari za Dodoma au Tanga ndo gari niliyoipenda kuendesha kuliko hizo mbili.

*Spea na ufundi.* Spea zipo nyingi na mafundi wanaijua. Ila lazima niseme kitu kuhusu 1ZZ na naomba usikipite haraka. Injini hizi, hasa za kabla ya 2005 hivi, zinajulikana kwa kula oili, shida inaanzia kwenye ringi za pistoni, oili inashindwa kurudi chini vizuri inaungua pamoja na mafuta. Gari haitatoa kelele wala taa, kiwango kinashuka tu kimyakimya. Jirani yangu alinunua, hakuwahi kuchomoa ile stiki ya oili miezi miwili mizima, siku anashuka daraja la Kijazi akasikia injini inagonga kama mtu anapiga nyundo ndani ya ndoo. Alivyofungua haikubaki oili ya kuloweka hata kitambaa. Ambaye anachungulia oili kila Jumapili na kuongeza nusu lita ikibidi anaendesha miaka bila shida, nimewaona. Kwahiyo swali ni we ni mtu wa aina gani.

*Barabara.* Ipo chini. Bampa la mbele linakwangua matuta, na ukiwa na watu saba, upande wa nyuma unakaa chini. Kama kwenu kuna kile kilima cha mawe kabla ya geti, kaipitishe hapo kabla hujalipa.

*Kuuza.* Haraka. Vijana wanaipenda, familia zinaipenda, ukiweka picha leo kesho simu zinaita.

Toyota Noah

Noah ni mbili na kuzichanganya ndo kosa. Kuna ile old model, SR40, ya 1996 mpaka 2001, injini ya 3S ipo chini ya siti za mbele na gari inasukumwa na tairi za nyuma. Na kuna AZR60, ya 2001 mpaka 2007, injini ipo mbele, ni D4, inavutwa na tairi za mbele.

*Watu na mizigo.* Hapa hamna mjadala, watu wanane wanakaa kama watu. Mlango wa kuburuza, kichwa hakigongi, mtoto mchanga unambadilisha nepi humohumo. Old model ina mlango wa kuburuza upande wa kushoto tu, AZR60 ina pande zote mbili, na kwa wenye watoto wadogo hili siyo jambo dogo, sisi tunaendesha kushoto kwahiyo mlango wa kulia unafungukia kwenye bodaboda zinazopita. Kwenye AZR60 wafundishe watoto kushuka kushoto tu, na ule wa kulia weka loki ya watoto.

*Mafuta.* Kilomita 7 mpaka 9 mjini. Ukiwa na watu wanane hiyo ni rahisi kuliko magari mawili au nauli za watu wanane, ukiwa peke yako ni maumivu.

*Spea na ufundi.* SR40 ni gari ya kizamani kwa maana nzuri, 3S inavumilia mafuta yetu na fundi wa Babati au Karatu anaifungua usiku kwa tochi ya simu. Inatumia taimingi beliti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, kama muuzaji hajui ilibadilishwa lini we hesabu kwamba haijawahi na uweke hela yake pembeni. Rejeta na njia za maji ni za kuangalia kama mboni ya jicho, maana injini ipo chini ya siti ikichemka hauoni moshi mapema.

AZR60 ni nzuri zaidi kukaa na kuendesha, ila D4 inapiga petroli ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, kwahiyo pampu yake haipendi mafuta machafu, na masizi yanajijenga kwenye njia za hewa mpaka gari inatetemeka ikiwa sailensa, yaani imewashwa ila imesimama. Siyo ugonjwa wa kufa, inasafishwa, ila tafuta fundi anayeijua D4 siyo anayejifunzia kwako. Zilizotoka baada ya mabadiliko ya 2004 zina CVT, ambayo inataka oili yake maalum. Shemeji yangu aliwekewa na fundi mmoja oili ya gia boksi ya kawaida, ndani ya wiki gari ikaanza kuvuta kwa kusitasita kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani, akabadilisha gia boksi nzima. Simama pale, soma kopo mwenyewe.

*Barabara.* SR40 ni ngumu, ndo maana Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanaipakia abiria mpaka milimani. AZR60 sakafu yake ipo chini zaidi, inataka upole.

*Kuuza.* Noah haikai sokoni, kwakuwa wa biashara nao wanaitafuta. Ila upande wa pili wa hilo ni kwamba nyingi zimeshapiga abiria. Angalia sakafu chini ya zulia kama kuna matundu ya bolti za siti za ziada, angalia reli ya mlango wa kuburuza kama imelika, na uliza kama iliwahi kuwa na namba nyeupe ya biashara. Ya familia reli yake inateleza kwa kidole.

Siku ya kukagua, gari yoyote kati ya hizo

Nenda asubuhi na ukifika kabla hujasalimiana sana weka kiganja kwenye boneti. Injini iwe ya baridi. Niliwahi kwenda kuangalia Wish moja Jumamosi saa nne, safi inang'aa, boneti ya moto, muuzaji akasema alikuwa ametoka kuiosha. Injini ikawaka vizuri sana. Nikaondoka, nikarudi Jumapili saa moja asubuhi na mapema kabla hajaamka vizuri, ikapigwa stata ikiwa ya baridi, ukatoka moshi wa bluu kwenye egzosi mpaka mtoto aliyekuwa anafagia uwanja akasogea pembeni. Kwahiyo rudi mara ya pili hata kama ya kwanza ilikupendeza.

Fungua kifuniko cha oili, ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa jua huenda maji yameingia kwenye oili, mara nyingi hedi gasketi hiyo, aga uondoke. Ingiza gia kutoka P kwenda R, afu D, ukiwa umekanyaga breki, isigonge na isichelewe. Kata usukani mpaka mwisho uzungushe duara taratibu kushoto na kulia, ukisikia ka-ka-ka ni sivi jointi, kile kiungio kinachozungusha tairi. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu, mara nyingi stika za Kijapani za kumwaga oili zinabaki pale na kilomita zimeandikwa kwa kalamu, kama stika inasema 118,000 na dashibodi inasoma 84,000 huna haja ya kuuliza swali lingine. Tairi zina tarakimu nne ndani ya kijiduara, 1418 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2018, kashata (meno ya tairi) nzuri isikudanganye kama mpira umeshazeeka.

Na mikanda. Kaa siti ya nyuma kabisa uvute kila mkanda mmojammoja. Kwenye gari nyingi za siti saba nilizokagua mikanda ya nyuma imekwama, imekatwa au imefukiwa chini ya siti, na hapo ndo wanapokaa watoto.

Makaratasi: kadi iwe halisi siyo kivuli, namba ya chasisi uisome kwenye gari siyo kwenye kadi tu, ukague faini kwenye mfumo wa polisi na bima kwenye mfumo wa TIRA, na usilipe hela yote kabla hamjaenda kubadilisha umiliki TRA. Akikwambia kadi iko kwa mtu anaiweka tu, huenda gari ina mkopo.

Kwa hali yako

Kama mpo watano, watoto chini ya miaka kumi, na unatembea mjini kila siku, naona Spacio itakutunzia hela kuliko hizo mbili, na ile tofauti ya mafuta kwa mwaka inalipa matairi na sevisi.

Kama watoto wameshakuwa warefu, mna safari za mkoani kila baada ya miezi miwili mitatu, na nyumba yenu ipo karibu na lami, Wish ya ZNE. Ila uwe mtu wa kuchungulia oili, kama huwezi hilo chukua kitu kingine.

Kama kila siku mnapanda sita na kuendelea, au unabeba watoto wa majirani wanaokuchangia mafuta, au una duka na Jumamosi unafuata mzigo Kariakoo, Noah inajilipa. Barabara mbaya na fundi wa kijijini, SR40. Lami na fundi mzuri wa D4 karibu, AZR60.

Kama hela uliyonayo inaishia kwenye bei ya gari, chukua ya bei ya chini zaidi yenye hali nzuri ili ubaki na angalau milioni moja na nusu. Oili zote, plagi, pedi za breki, betri na bushi za mwezi wa kwanza zitaidai hiyo, hata gari ikiwa nzuri kiasi gani.

Na kama nyumbani kuna mzee mwenye magoti mabovu, usiamue kwa kusoma hapa. Noah old model ina hatua ya kupanda, Wish inataka kuinama, Spacio na AZR60 zinapandika kirahisi zaidi, ila kila mwili na maumivu yake. Siku ya kukagua nenda na bibi, apande na kushuka mara mbili, muuzaji asubiri.